Bill Russell na Wenzake

Leo tutasoma habari za Bill Russell, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1934 katika jimbo la Louisiana. Wazazi wake walihamia Oakland, California. Shuleni hakuwa mchezaji hodari, na chuo kimoja tu kilimtaka: Chuo Kikuu cha San Francisco.

Siku zile walimu wengi wa mchezo walifundisha kwamba mlinzi mwema haruki. Russell aliruka, akaupiga mpira kabla haujafika kikapuni.

Desemba 1954 timu yake ilikwenda kushindana Oklahoma City. Hoteli za huko zikawakataa wachezaji weusi. Je, wenzao weupe walifanya nini? Hawakuwaacha. Wote wakalala pamoja katika bweni la chuo lililokuwa tupu. Kisha wakacheza, wakashinda mashindano yale.

Walikuwa mabingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1955, tena mwaka 1956. Russell alimaliza chuo akiwa ameshinda michezo 55 mfululizo.

Baadaye, pamoja na timu ya Boston Celtics, alipata ubingwa mara 11. Mwaka 1966 akawa mwalimu wa timu hiyo, mtu mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo katika ligi yao. Alifariki mwaka 2022.

Sasa someni tena habari ya hoteli, polepole. Kisha mjibu: kama wenzake wangalilala hotelini, ingalikuwa timu moja?