Safari ya Maporomoko ya Lugard, na Mahali Yatokako Maji ya Mtungini



Kila mtu akaaye Malindi amekwisha kuona jinsi bahari ibadilikavyo rangi mvua kubwa zinyeshapo bara. Maji yaliyokuwa ya buluu huwa mekundu kama udongo wa kufinyangia vyungu. Sababu yake ni mto Sabaki, ambao huingia baharini kaskazini ya mji. Lakini ni wachache waliokwisha kuufuata mto huo kuelekea utokako. Hotuba hii yaeleza safari ambayo baba, mama na watoto wao waweza kuifanya kwa gari, na faida waipatayo humo zaidi ya furaha ya macho.

Gari likiondoka Malindi alfajiri hushika njia ya magharibi, hupita Ganda na Kakuyuni hata Langobaya, katikati ya minazi, mikorosho na mashamba ya mahindi. Kadiri liendavyo, minazi hupungua na vichaka vya miiba huzidi. Mto uko upande wa kulia. Kando ya mto huo, mahali paitwapo Baricho, pamechimbwa visima katika mchanga wa ukingoni, na maji yake huvutwa kwa pampu na kupelekwa kwa mabomba mpaka Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Basi mtoto wa mjini afunguaye bomba asubuhi huenda anakunywa maji ya Sabaki, ijapokuwa hajauona mto wenyewe.

Mwendo wa kilomita kama 110 kutoka Malindi ndipo lilipo lango la Sala, na hapo ndipo iingiliwapo Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Mashariki. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Yafaa msafiri achukue maji ya kutosha, chakula, na gurudumu la akiba, kwa kuwa ndani ya hifadhi hakuna duka la karibu. Tena asishuke garini ila mahali paliporuhusiwa.

Kutoka langoni njia hufuata mto, ambao huku juu huitwa Galana. Kando yake imeota mikoma, na chini ya mikoma huonekana kuro wakija kunywa. Mbali kidogo na maji huweza kuonekana twiga, pundamilia, choroa wenye pembe ndefu zilizonyoka, na swala twiga, ambaye husimama kwa miguu ya nyuma apate kula majani ya juu. Hata hivyo watoto humtazamia tembo kuliko wote. Tembo wa Tsavo ni mwekundu, na wengi hudhani amezaliwa hivyo. Sivyo: ngozi yake ni ya kijivu kama ya tembo wengine, bali hujipaka tope na vumbi la nchi ile ili ajikinge na jua na wadudu.

Wanyama hao wamekwisha kupatwa na misiba mikubwa. Hifadhi ya Tsavo iliwekwa mwaka 1948. Katika ukame wa miaka 1970 na 1971 tembo walikufa kwa maelfu, na baada yake wawindaji haramu wakawaua wengine wengi sana kwa ajili ya pembe. Mwaka 1989 Serikali ya Kenya ilichoma moto tani 12 za pembe mbele ya ulimwengu, kuonyesha kwamba biashara ile haitakiwi. Tangu hapo idadi yao imeongezeka. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata zaidi ya tembo 12,000 katika nchi yote ya Tsavo pamoja na Mkomazi ya Tanzania.

Hatimaye wasafiri hufika penye maporomoko. Yameitwa kwa jina la Lugard, Mwingereza aliyepita njia ya mto huu mwaka 1890 akienda bara. Hayaanguki kutoka juu kama maporomoko ya mlimani. Mto mpana husongwa ghafula kati ya miamba, ukapita kwa kishindo katika mifereji iliyochongwa na maji yenyewe kwa muda wa miaka isiyohesabika. Miamba ina mistari myeupe, myeusi na ya rangi ya waridi, na maumbo ya ajabu. Mahali pengine mwanya ni mwembamba hata mtu hudhani aweza kuuruka. Asijaribu! Mwamba huteleza, na chini kidogo ya hapo mamba wengi hulala juani. Watoto na washikwe mikono.

Mtu akisimama hapo, auliza: maji haya yametoka wapi? Yametoka katika mito miwili. Tsavo huleta maji ya upande wa Kilimanjaro na ya chemchemi za Mzima. Athi hutoka upande wa Nairobi, hupita Ukambani chini ya uwanda mrefu wa Yatta, nao huchukua pia maji ya mto Nairobi na taka za jiji. Mito hiyo ikikutana ndipo lianzapo jina la Galana.

Na wekundu ule je? Ni udongo wa mashamba. Wataalamu walichunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka kama 300, ambalo huongeza tabaka mwaka kwa mwaka. Wakaona kwamba udongo uletwao na mto uliongezeka sana tangu mwanzo wa karne ya 20, watu wa bara walipozidi kulima na kukata miti. Udongo huo ni hasara mara mbili: mkulima wa juu hupoteza rutuba, na mvuvi wa chini huharibikiwa na matumbawe wazaliamo samaki.

Kwa hiyo kila mwenye shamba kando ya mto, awe Mkamba au Mgiriama, na apige matuta kukingama mteremko, aache miti na majani ukingoni, wala asilime mpaka majini. Jamaa waliokwisha kuyaona maporomoko hawahitaji kuambiwa mara mbili. Wamejionea kwamba Athi, Galana na Sabaki ni mto mmoja, na kwamba kitupwacho juu hunywewa chini.