Mwanagenzi ni Amana

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu, na tunamwomba rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu,

Mshonaji wa kanzu afikapo penye kukata shingo, humtuma mwanagenzi wake dukani kununua uzi. Kijana arudipo, shingo imekwisha katwa. Ofisini nako ni vivyo hivyo: karani mkongwe huyafunga mahesabu peke yake, mlango umerudishwa. Sote twaijua sababu. Twachelea kwamba atakayejua tujuayo atakuja kutunyang'anya riziki. Je, riziki imo mkononi mwa mwanagenzi, au mwa Mola aliyeigawa?

Natuutazame mwendo wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Alipohamia Madina mwaka 622, Bi Umm Sulaym alimletea mwanawe, Anas bin Malik, kijana wa miaka kumi, awe mtumishi wake. Anas alikaa naye hata Mtume alipofariki mwaka 632. Baadaye alisimulia kwamba katika muda huo wote hakuguniwa hata mara moja, wala hakuulizwa kwa nini kalifanya hili au kaliacha lile. Alikuwa karibu, akaona na kusikia. Leo hadithi zaidi ya 2,000 zimetufikia kwa ulimi wake.

Basi wenye karakana, maduka na ofisi na wampe kila kijana mgeni mlezi mmoja wa kazi, mtu mwenye ujuzi na subira. Iwekwe saa maalumu kila juma, wakae pamoja, kijana aulize pasipo hofu. Mlezi asiwe yule mwenye kumwandikia ripoti au kumkata mshahara; maana mwenye kuogopa huficha kosa lake, na kosa lililofichwa halisahihishwi. Muda wa malezi ujulikane tangu mwanzo. Na ukitimia, kijana naye apewe mwingine wa kumlea.

Ndugu zetu, mikono yetu hii itazikwa. Mtume ametufundisha kwamba miongoni mwa machache yasiyokatika mtu afapo ni elimu inayowanufaisha walio nyuma yake. Basi kesho, mwanagenzi akiinuka kwenda kununua uzi, natumwambie: Kaa kwanza, mwanangu, uutazame mkasi.

Ewe Mola wetu, tuepushe na choyo cha ujuzi, na uwabariki vijana wetu katika kazi zao. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.