Pikipiki na Adabu ya Mgeni



Pikipiki ni chombo chepesi. Ukisha kuvuka Likoni kwa feri, utafuata lami hata Diani, kisha utaendelea kusini hata Kinondo, penye msitu wa kaya ya Wadigo.

Lakini chombo hiki kina kelele, na kelele hutangulia salamu. Kwa hiyo ufikapo penye nyumba za watu zima injini, shuka, vua kofia, uwaamkie wazee. Kaya si pori lisilo na wenyewe. Mgeni huingia akiongozwa na mwenyeji, amejifunga kaniki nyeusi, wala hachukui kitu cha msituni.

Huenda kijana akasema, "Hayo ni mambo ya kale, nami nina haraka." Basi na atazame: mahali pengi nje ya kaya miti mikubwa imekwisha kukatwa, bali ndani ingali imesimama, kwa kuwa watu walishika miiko ya wazee wao. Mwaka 2008 UNESCO iliitia misitu ya kaya za Mijikenda, na Kinondo mojawapo, katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Apitaye mbio ataona minazi tu. Aombaye ruhusa ataonyeshwa miti ya dawa, na kuelezwa matumizi yake na wenyewe walioitunza.