Miche Iliyo Hai Ndiyo Mali



Uchimbaji wa mchanga wa madini hapa kwetu Kwale ulikoma Desemba 2024. Sasa kazi ni kuirudishia ardhi uhai wake. Sisi wa kamati ya fedha tumezoea kudai risiti, na hapa tunaidai pia. Miche iliyopandwa ni matumizi. Iliyovuka kiangazi ndiyo mali.

Tuangalie jirani zetu wa Mombasa. Kazi ya kupanda miti kwenye machimbo ya Bamburi ilianza 1971. Zilijaribiwa aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu tu, mvinje ukiwemo. Majongoo wakala majani yake makavu, udongo ukapatikana, ndipo mimea mingine ikashika. Leo ni Haller Park. Kumbe ukijani wa msimu mmoja hauthibitishi kitu.

Tunaomba vijana wetu wafundishwe kupima. Waweke fremu ya mita moja kwa moja mahali palepale, baada ya masika na mwisho wa kiangazi. Wahesabu mimea hai, aina zake, iliyoota yenyewe, na udongo ulio wazi. Walinganishe na kichaka cha karibu kisichochimbwa.

Michango yenu italipia mafunzo, fremu, kamba na nauli. Matokeo tutayasoma mbele yenu, mazuri na mabaya.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Atakayetuambia ardhi imepona, tumfungulie daftari letu.