Kati ya Jani na Kopo



Nashukuru kwamba mhadhara huu unafanyika Kinyerezi badala ya ukumbi wa chuo kikuu. Watengenezaji wa vitu nitakavyovizungumzia wako huku, Kinyerezi, Kifuru, Segerea, na ng'ambo ya mji huko Mbagala na Bunju. Wanapika sabuni za mwarobaini uani, wanasaga majani ya mlonge, wanakamua mafuta ya nazi na ya mbegu za ubuyu, wanachanganya manjano na liwa kwa ajili ya uso. Mimea tunayo, na wanaoijua wapo. Tunachokosa ni kipimo, na hilo ndilo nililokuja kulisema.

Nchi yetu, Tanzania, ina aina zaidi ya 10,000 za mimea. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili pale Muhimbili, Dar es Salaam, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa hadhi na kuwa taasisi. Watafiti wake walizunguka wilayani pamoja na waganga, wakachuma, wakakausha, wakaandika jina la mmea, sehemu inayotumika na ugonjwa unaotibiwa. Kazi ile ni hazina. Lakini orodha husema mizizi ya mti fulani huchemshwa kwa ajili ya homa. Haisemi gramu ngapi, kwa maji kiasi gani, na kama mti uliovunwa masika una nguvu sawa na wa kiangazi au la.

Tuanze na ngozi, maana ndiyo biashara ya wengi wenu.

Binti anapaka juisi ya ndimu usoni ili kuondoa madoa, kisha anatoka juani kwenda kituoni. Ganda na juisi ya ndimu vina kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikipigwa na jua juu ya ngozi, zinaunguza. Hutokea wekundu, pengine malengelenge, na baadaye mabaka meusi yanayoweza kudumu kwa miezi. Basi aliyetaka kung'arisha uso anapata giza zaidi, na hatua inayofuata mnaijua: anauziwa krimu yenye zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini. Zebaki hupenya ngozini ikaenda kuharibu figo. Safari hiyo yote ilianza na tunda la jikoni ambalo kila mtu aliliamini kwa sababu ni la asili.

Au chukueni mshubiri. Ukikata jani lake utaona vitu viwili. Chini ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu, wenye kuharisha vikali na kuwasha ngozi. Ndani kabisa kuna ute mwangavu, nao ndio unaotuliza. Anayesaga jani zima ameviweka vyote kopo moja, halafu mteja akiwashwa anaambiwa kwamba dawa inafanya kazi. Hapana, mama zangu. Menyeni jani, lichuruzisheni utomvu, osheni ute, ndipo msage.

Kuhusu sabuni ya mwarobaini nitasema jambo ambalo huenda lisipendeze. Kostiki inayogeuza mafuta kuwa sabuni ni kali, na viambato vingi vya mimea haviistahimili. Tena sabuni hukaa mwilini dakika moja au mbili, ikasuuzwa. Rangi ya kijani iliyobaki kwenye mche haithibitishi kwamba dawa imebaki. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa awali kutoka India, ambapo watu 814 wenye upele walipakwa mwarobaini na manjano vilivyopondwa pamoja, na asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Hawakuoga wakasuuza, walipakwa, dawa ikakaa. Utafiti ule haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo siuchukulii kama neno la mwisho. Lakini unatuonyesha pa kuelekeza nguvu: mafuta ya kupaka kuliko sabuni. Na mkitengeneza ya kupaka, jueni kwamba mafuta matupu hudumu, ila krimu yenye maji isiyo na kihifadhi huota kuvu na bakteria upesi, hasa kopo likichotwa kwa vidole.

Mwarobaini huohuo unaotusaidia ukipakwa, usimnyweshe mtoto mafuta ya mbegu zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo wakapata degedege, wakadhurika ini na ubongo, na baadhi wakafariki.

Sasa tazameni kipimo kinavyoweza kufanya kazi. Kila mmoja wetu hapa amewahi kumeza dawa ya mseto ya malaria, iliyoanza kutumika nchini kama tiba ya kwanza mwishoni mwa 2006. Sehemu yake moja inatokana na mmea wa Artemisia annua. Huko China, Tu Youyou na wenzake walikuwa wakipima mamia ya dawa za kienyeji, na mmea huu uliwasumbua: leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Jibu alilipata katika maandishi ya tabibu wa karne ya 4, Ge Hong, aliyeelekeza mmea ulowekwe na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Akashuku kwamba moto ndio unaoua dawa. Akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na mwaka 1971 akapata kimiminika kilichoua vimelea vya malaria kwa wanyama wa maabara. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Mzee Ge Hong alikuwa na ujuzi, Tu akaongeza kipimo, na kizazi chetu kimepona kwa vyote viwili.

Linganisheni na Loliondo mwaka 2011. Maelfu walikwenda kijijini Samunge kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wataalamu wa serikali walipofika walieleza kwamba kinywaji kile, kwa kiasi kile, hakina madhara. Wengi wakasikia kwamba kinaponya, na wapo walioacha dawa za VVU (ARV). Kutodhuru na kuponya ni maswali mawili, na kila moja lina kipimo chake.

Sheria nayo mnapaswa kuijua. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Tiba asili ina Baraza lake, chini ya sheria ya 2002. Kopo lilelile ukiandika kwamba linalainisha ngozi, njia yako ni TBS. Ukiandika kwamba linatibu mapunye, umeingia kwenye dawa, na utadaiwa ushahidi. Nawasihi muandike mnachoweza kukithibitisha tu.

Na mnapochuma, kumbukeni kwamba msitu wa Pugu uko jirani yetu. Mto Msimbazi unaanzia vilima vyake. Anayechimba mizizi na kubandua magome kule anaua mti kwa chupa chache. Mwarobaini na mlonge huota uani kwenu na hutoa majani kila mwaka, kwa hiyo tuanze na hiyo.

Ombi langu kwa chuo chetu na kwa Halmashauri ya Jiji ni chumba kimoja cha kupimia, hapa Kinyerezi, cha kuchangia wote. Kiwe na mizani ya gramu ndogo, karatasi za pH (sabuni nyingi hufika 9 au 10, na ngozi yenu iko karibu na 5), vifaa vya kuotesha bakteria, na sahani za kromatografia ya tabaka jembamba za kulinganisha dondoo la leo na la mwezi uliopita. Vifaa hivi si vya bei ya kutisha. Wanafunzi wa famasia wafanyie mafunzo yao ya vitendo humo, badala ya kurudia majaribio ambayo majibu yake yako kitabuni.

Chumba hicho kikichelewa, anzeni na daftari. Kwa kila mpiko andikeni tarehe ya kuchuma, mti uliochumwa, uzito wa majani makavu, kiasi cha mafuta, muda wa motoni, na mteja aliyerudi akilalamika. Mwanafunzi wa kwanza atakayekuja kwenu kupima atahitaji kurasa hizo kabla hajafungua kopo lolote.