Somo la Saba: Mchoraji Aseme, Mhakiki Naye Aseme

Kaeni vizuri katika vikundi vyenu, na yule mliyemchagua kuwa mwandishi ashike kalamu, maana mwisho wa somo nitawaachia maswali.

Leo tutazungumza habari za picha ziitwazo Tingatinga. Hapana shaka wengi wenu mmeziona: twiga mwenye shingo ndefu, chui mwenye madoa, ndege wa rangi nyingi, na nyuma yao rangi moja iliyotulia. Wengine mmepita mkasema, "Ah! Hizo ni picha za watalii." Neno hilo ni hukumu. Yafaa tujiulize: je, mshitakiwa amesikilizwa?

Tuanze na mwanzilishi wake. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa nchi. Hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaja Dar es Salaam akashika kazi hii na ile. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Vifaa vya wachoraji waliosoma vilikuwa ghali, basi yeye alichukua ubao mwembamba wa dari, na rangi ya mafuta inayong'aa, ya namna ile ipakwayo baiskeli.

Sasa sikilizeni vizuri. Rangi hiyo ina tabia yake. Hukauka ikawa ngumu, tena hung'aa. Si rahisi kuifanya ififie polepole kutoka mwangaza kwenda kivuli. Kwa hiyo mchoraji hupaka kwanza rangi ya nyuma, akaiacha ikauke. Ndipo amweke mnyama, na mwisho atie madoa. Mtu aulizaye, "Mbona picha hizi hazina vivuli?" angekwenda kwa mchoraji, angeonyeshwa mkopo wa rangi, akapata jibu lake. Hilo ndilo fundisho la kwanza: kabla hujasema kazi ina upungufu, uliza imefanywa kwa kitu gani. Kuuliza si ujinga.

Mwaka 1972 Tingatinga alikufa. Polisi walimpiga risasi mjini Dar es Salaam kwa kumdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne hivi tu. Lakini alikwisha kuwafundisha vijana wachache, baadhi yao jamaa zake. Hao wakaendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama chao cha ushirika. Makao yao ni Oysterbay, Dar es Salaam.

Hapa ndipo mabishano yanapoanza, nami nataka msikie pande zote mbili.

Mhakiki husema hivi: "Mwalimu wenu alibuni. Ninyi mnanakili. Nimeona twiga yule yule katika vibanda kumi. Mnunuzi akitaka machweo na mbuyu, mnampa machweo na mbuyu. Sanaa gani hiyo isiyomwambia mtu jambo asilolijua?"

Mchoraji naye hujibu: "Bwana, mimi nilijifunza kwa kukaa kando ya fundi wangu na kufuata mkono wake, kama ajifunzavyo mchonga milango au mfuma mikeka. Hakuna aliyemwita mfuma mikeka mwizi kwa sababu alifuma ua alilofuma bibi yake. Tena watoto wangu wanakula kwa twiga huyo unayemcheka."

Nani amesema kweli? Mimi naona kila mmoja ameshika kipande. Mchoraji ana haki kusema kwamba kufuata ndiyo njia ya kujifunza. Lakini mhakiki naye ana haki kuuliza: utafuata mpaka lini? Fundi wa mikeka akikomaa, hutia ua lake mwenyewe, na wenziwe hulitambua kwa mbali.

Iko tofauti moja ambayo yafaa kila msikilizaji aishike. Mtindo si mali ya mtu mmoja. Kila mtu aweza kuchora kwa namna ya Tingatinga. Lakini picha fulani, aliyoibuni mtu fulani, ni mali yake. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 hulinda kazi yenyewe, hailindi wazo tupu. Basi kijana akichora twiga wake kwa mtindo huo, hana kosa. Akinakili picha ya jirani mstari kwa mstari, akatia sahihi yake na kuiuza bila ruhusa, amekula jasho la mwenziwe. Mhakiki akichanganya mambo hayo mawili humwonea mchoraji. Na mchoraji akiyachanganya, humwonea mchoraji mwenzake.

Haya, maswali ya kikundi ni matatu.

Kwanza: mtafuteni fundi mmoja wa sanaa yoyote hapo mlipo. Mwulizeni alijifunza kwa nani, na ni kitu gani alichoongeza mwenyewe.

Pili: je, kazi inayofanywa ili iuzwe yaweza kuwa sanaa njema? Toeni mfano mlioushika kwa mikono yenu.

Tatu: mhakiki afanye nini ili fundi amsikilize bila kukasirika?

Jibuni kwa adabu, na asiyekubaliana na mwenziwe aseme sababu. Mpaka tutakapokutana tena, kwaherini.