Alternata Isipotia Umeme Katika Betri
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Nimeombwa niseme habari ya alternata, yaani ile mashine inayotia umeme katika betri wakati injini inapozunguka. Mimi ni mtu wa reli, lakini wengi wenu ni madereva, na jambo hili lagusa mshahara. Betri ikifa mara mbili, tajiri husema dereva ameiharibu, kisha hukata pesa. Jirani yangu mmoja alilipishwa betri mbili hivyo, na kumbe kosa lilikuwa mkanda uliolegea.

Betri ni tangi, alternata ni pampu. Pampu ikisimama, hata tangi jipya litakauka.

Kwanza tazama ile taa nyekundu yenye picha ya betri. Ukifungua swichi kabla ya kupiga injini, lazima iwake. Injini ikishika, lazima izime. Watu huiogopa ikiwaka njiani. Mimi naiogopa zaidi isipowaka kabisa, kwa maana katika motokaa nyingi za zamani umeme mdogo wa kuiamsha alternata hupitia katika globu hiyo hiyo. Globu ikiungua, au waya wake ukikatika, alternata nzima yaweza kulala.

Kisha zima injini, ubonyeze mkanda kwa kidole gumba mahali palipo parefu. Ukiingia zaidi ya nusu inchi hivi, umelegea. Mikanda mingine hujikaza yenyewe. Hiyo itazame kama imepasuka au inang'aa kwa kuteleza.

Sasa chukua mita. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha volti 12.6. Piga injini, washa taa kubwa: mita ipande mpaka 13.8 au 14.5. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, betri haipati kitu. Ikipita 15, regyuleta imeharibika, na betri itachemka. (Washa taa hizo bila kukosa, maana motokaa mpya zenye kompyuta hupunguza umeme kwa makusudi.)

Hata hapo usikimbilie duka la spea. Injini ikizunguka na taa zikiwaka, gusa kwa waya mmoja wa mita nati kubwa iliyo nyuma ya alternata, na kwa wa pili kichwa cha chanya cha betri. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani: fyuzi kubwa, waya uliooza, au ule unga mweupe juu ya betri. Pima vivyo hivyo kati ya mwili wa alternata na kichwa cha hasi. Njia zote zikiwa safi, ndipo alternata ifunguliwe. Mara nyingi ni kaboni tu zilizokwisha, na bei yake ni ndogo sana kuliko alternata nzima.

Wako mafundi wanaong'oa waya wa betri injini ikizunguka, eti wanapima. Desturi hiyo ni ya siku za dainamo. Alternata ina dayodi ndani, na umeme ukiruka ghafula huziunguza, pengine na kompyuta pia. Mkatazeni.

Na wewe dereva unayetishwa kukatwa mshahara, pima mbele ya shahidi kabla motokaa haijaguswa. Andika volti, siku na saa, nyote wawili mtie sahihi, na karatasi hiyo umpe katibu wa tawi kabla ya siku ya mshahara.